Daktari Wako wa Mapafu Analipwa na Nani Mwingine?

Ukipewa rufaa ya kwenda kwa daktari wa mapafu nchini Marekani, siku hizi jina lake hupekuliwa kabla hata hujapangiwa tarehe. Kijana wa nyumbani aliyezoea simu ataliandika kwenye Google, na dakika mbili hazipiti analeta habari: daktari kasoma chuo fulani, ana nyota nne na nusu, na mwaka juzi alipokea maelfu ya dola kutoka kampuni za dawa. Hapo sebule inachemka. Mmoja anasema huyo kashanunuliwa, tutafute mwingine. Wa pili anasema hayo ni mambo ya wakubwa, mama anachotaka ni kupumua.

Wanabishana bure, maana hakuna aliyefungua kuangalia fedha hizo zilikuwa za nini. Nawaandikia ndugu zetu walioko huko, wawe Wakongo wa Kentucky, Wakenya wa Minnesota au Watanzania wa Texas, pamoja na ninyi mlioko nyumbani mnaowasaidia wazee wenu kwa simu. Taarifa za malipo ya madaktari wa Marekani ziko wazi na hazilipiwi. Hata mtu aliyeko Morogoro anaweza kuzisoma usiku huu. Ila kuzisoma kuna namna yake, na asiyeijua anaweza kumkimbia daktari mzuri au kumwamini asiyestahili.

Kabla ya fedha, tumwangalie daktari mwenyewe. Daktari wa mapafu wa Marekani husoma chuo kikuu miaka 4, kisha shule ya udaktari miaka 4 mingine. Akimaliza hufanya kazi hospitalini chini ya usimamizi kwa miaka 3 katika magonjwa ya ndani ya watu wazima, ndipo aingie kwenye ubingwa wa mapafu kwa miaka 2. Wengi huongeza mwaka wa tatu ili wapate pia ubingwa wa kuhudumia wagonjwa mahututi. Ndiyo maana daktari uliyemwona kliniki Jumanne kwa sababu ya kikohozi unaweza kumkuta Jumamosi ICU, akisimamia mashine za kupumulia.

Safari hiyo yote inaweza kuthibitishwa. Bodi inayoitwa American Board of Internal Medicine ina ukurasa wa umma ambapo unaandika jina la daktari na kuona kama ana cheti cha ubingwa wa mapafu, na kama cheti hicho bado ni hai. Usipomwona humo usipige kelele haraka. Madaktari wa mapafu wa watoto huthibitishwa na bodi ya madaktari wa watoto, na wale wenye herufi DO mwishoni mwa jina badala ya MD wanaweza kuwa wamethibitishwa na bodi yao wenyewe. DO si daktari wa daraja la chini. Naye ni daktari kamili, ana leseni, anaandika dawa na anasimamia ICU kama mwenzake. Nalisema hili kwa sababu nimesikia watu wakikataa miadi kwa herufi mbili tu.

Leseni yenyewe hutolewa na jimbo. Texas wana Texas Medical Board, Ohio wana State Medical Board of Ohio, Minnesota wana Board of Medical Practice, na kila moja ina sehemu ya kutafuta daktari kwa jina. Hapo ndipo pa kuangalia kama aliwahi kuadhibiwa: kusimamishwa, kupewa onyo, kuzuiwa kuandika dawa fulani. Amri za namna hiyo ni za umma na hueleza kosa lenyewe. Ukurasa huu una uzito kuliko nyota zote za Google. Nyota nyingi hutolewa kwa sababu ya maegesho ya magari, karani wa mapokezi na muda wa kusubiri, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachosoma picha ya kifua. Kesi za madai ni jambo jingine: daktari anayeshughulika na mahututi anaweza kushtakiwa na familia yenye uchungu hata kama hakukosea, kwa hiyo kesi moja ya miaka ya nyuma haina maana ya uzembe. Kesi zinazofanana, moja baada ya nyingine, hizo ndizo za kukusimamisha.

Kuna tuhuma moja isiyo na msingi inayozunguka hata miongoni mwetu wahamiaji: kwamba daktari aliyesomea nje ya Marekani ni pungufu. Madaktari wengi wa mapafu huko walisomea India, Pakistan, Nigeria, Misri au Ufilipino, na ili wapate leseni walilazimika kufanya mitihani ileile ya Marekani na kurudia mafunzo ya hospitali. Mwaka 2017 jarida la BMJ lilichapisha utafiti uliolinganisha madaktari wa magonjwa ya ndani wa pande hizo mbili kwa kuangalia wazee wenye bima ya Medicare waliolazwa hospitalini. Waliotibiwa na madaktari waliosomea nje walikufa ndani ya siku 30 kwa kiwango cha asilimia 11.2, na waliotibiwa na waliosomea Marekani asilimia 11.6. Basi jina gumu kulitamka lisikutishe. Lako nalo ni gumu kwao.

Sasa fedha.

Kwa miaka mingi kampuni za dawa ziliwalipa madaktari na mgonjwa hakuwa na njia ya kujua. Minnesota ndiyo iliyotangulia: mwaka 1993 jimbo hilo liliwekea mpaka zawadi ambazo kampuni zingeweza kuwapa madaktari na kudai malipo mengine yaandikwe. Waandishi wa habari wa ProPublica walikusanya taarifa ambazo baadhi ya kampuni zilikuwa zimelazimika kuzitoa, na mwaka 2010 wakazifungulia umma. Mwaka huohuo maseneta Chuck Grassley wa Iowa, Mrepublican, na Herb Kohl wa Wisconsin, Mdemokrasia, walifanikiwa kuingiza kifungu chao ndani ya sheria kubwa ya afya ya Rais Obama. Kifungu hicho kinazitaka kampuni za dawa na vifaa tiba kuripoti serikalini malipo zinayompa daktari. Daftari lake linaitwa Open Payments, lilifunguliwa kwa umma Septemba 30, 2014, na linasimamiwa na CMS, idara inayoendesha bima za Medicare na Medicaid. Anwani yake ni openpaymentsdata.cms.gov. Tangu 2021 limeongezewa wauguzi wenye mamlaka ya kuandika dawa na wasaidizi wa madaktari, jambo la maana kwako kwa kuwa kwenye kliniki nyingi za mapafu hao ndio unaowaona mara nyingi kuliko daktari mwenyewe.

Watanzania wanaikumbuka takrima. Marekebisho ya sheria ya uchaguzi ya mwaka 2000 yaliruhusu mgombea kuwakirimu wapiga kura, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikabatilisha vifungu hivyo. Marekani haikupiga marufuku takrima ya kampuni kwa daktari. Iliamua kuiandika, bei yake na jina la aliyeilipia, kisha ikamwachia msomaji hukumu. Mimi ningependa wangekwenda mbali zaidi, lakini daftari hilo ndilo lililopo na tulitumie.

Kabla ya kumwangalia daktari wako, jua hali ya jumla, usije ukashtuka kwa kitu cha kawaida. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2024 katika jarida la JAMA ulipitia malipo ya 2013 hadi 2022, ukiacha kando ya utafiti. Asilimia 57 ya madaktari walipokea kitu, na jumla ilikuwa dola bilioni 12.13. Lakini ukiwapanga madaktari kutoka wa chini hadi wa juu, yule wa katikati alikuwa amepata dola 48 tu kwa miaka yote hiyo. Wachache wa juu kabisa ndio waliobeba gunia. Ukikuta daktari wako alipata dola 200 kwa mwaka, hicho bado si cha kushtua. Ukikuta dola 90,000, kaa chini usome mstari kwa mstari.

Na mstari kwa mstari ndiyo namna yenyewe, kwa sababu jumla huchanganya vitu visivyofanana. Mistari mingi huwa ya chakula. Utaona dola 14, dola 18, dola 22, tarehe baada ya tarehe. Hicho ni chakula cha mchana ambacho mwakilishi wa kampuni hukileta kliniki kwa wafanyakazi wote. Gharama hugawanywa kwa idadi ya waliokula na fungu la daktari ndilo linaloandikwa kwenye jina lake. Wakati wanakula, mwakilishi anaeleza sifa za dawa yake. Unaweza kucheka, useme nani atauza heshima yake kwa sandwichi. Kampuni hazicheki. Watafiti wa California walichapisha mwaka 2016 matokeo ya kuwachunguza madaktari 279,669 kuhusu dawa nne za moyo, shinikizo la damu na sonona. Waliokula hata mlo mmoja uliodhaminiwa na mwenye dawa waliiandika dawa hiyo ya jina kuliko wenzao ambao hawakula, na kadiri milo ilivyozidi ndivyo walivyozidi kuiandika. Wastani wa bei ya mlo ulikuwa chini ya dola 20. Utafiti wa aina hiyo hauwezi kuthibitisha kwamba mlo ndio uliosababisha, kwani huenda mwakilishi humfuata daktari ambaye tayari anaipenda dawa yake. Lakini mkono mtupu haulambwi, na wahasibu wa kampuni wasingeendelea kulipia milo isiyorudisha kitu.

Aina ya pili ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi: malipo ya kuzungumza. Kampuni humkodi daktari kwenda kuzungumza na madaktari wenzake kuhusu dawa fulani, mara nyingi jioni na mara nyingi hotelini penye chakula kizuri. Anaonyesha slaidi zilizotayarishwa na kampuni. Kwa jioni moja anaweza kulipwa dola elfu moja, mbili au zaidi, na nauli na malazi huandikwa kando. Mwaka 2020 ofisi ya mkaguzi mkuu wa wizara ya afya ya Marekani ilitoa tahadhari maalumu juu ya mikutano hii, ikisema kampuni ziliripoti kulipa karibu dola bilioni 2 kwa kazi hiyo ndani ya miaka 3. Mwaka huohuo Novartis ilikubali kulipa dola milioni 678 kumaliza madai kwamba iliwapa madaktari rushwa kwa kivuli cha mihadhara, mingine ikiwa karamu tu ambazo hakuna aliyezungumzia tiba. Dawa zilizohusika zilikuwa za shinikizo la damu na kisukari. Mfano mbaya kuliko wote ni wa Insys, kampuni iliyouza dawa ya kupuliza ya fentanyl kwa maumivu ya saratani. Mwanzilishi wake, John Kapoor, alitiwa hatiani mwaka 2019 kwa kuwahonga madaktari kupitia malipo ya namna hii, akafungwa.

Tiba ya mapafu nayo haikunusurika. Mwaka 2012 GlaxoSmithKline ilikubali kulipa dola bilioni 3 kumaliza mashtaka na madai ya serikali kuhusu dawa zake kadhaa. Miongoni mwake ilikuwamo Advair, dawa ya kuvuta ya pumu, ambayo serikali ilidai kampuni iliinadi hata kwa wagonjwa wa pumu nyepesi wasioihitaji, na kwamba madaktari walipewa fedha na starehe ili waziandike dawa za kampuni hiyo. Mwishoni mwa 2013 kampuni ilitangaza itaacha kuwalipa madaktari wa nje wazinadi dawa zake. Mwaka 2018 ikalegeza msimamo huo.

Ada ya ushauri iko katikati. Kampuni inayobuni dawa ya kuvuta inamhitaji mtu anayejua mgonjwa wa kweli hushindwaje kuibonyeza, na mtu huyo anastahili ujira. Tatizo ni kwamba neno ushauri hubeba vingi. Dola 3,000 mara moja kwa mwaka ni jambo moja. Kampuni ileile kila mwezi kwa miaka mitano ni jambo lingine, na hapo sijui ni ushauri gani usioisha.

Utafiti ndio unaowapotosha wasomaji wengi. Utaona daktari wa hospitali ya chuo kikuu ana dola 400,000 kando ya jina lake, ukadhani amejenga ghorofa. Kwa kawaida fedha hizo zimekwenda hospitalini kulipia wauguzi, vipimo, picha za CT na ufuatiliaji wa wagonjwa walioingia kwenye majaribio ya dawa, na yeye jina lake limeandikwa kwa kuwa ndiye msimamizi. Daftari huyaweka malipo haya sehemu yake, mbali na ya jumla. Mwenye ugonjwa adimu wa mapafu mara nyingi anamtaka hasa daktari wa namna hiyo, kwa sababu ndiye aliyewaona wengi kama yeye. Ukialikwa kuingia kwenye jaribio lake, hapo uliza nani anagharamia na kama unaweza kujitoa wakati wowote. Kujitoa ni haki yako.

Ukishaelewa aina hizo, acha kumtazama daktari na uichukue dawa mkononi. Hili ndilo ninalotaka ulishike kuliko mengine yote: swali la maana si kiasi alicholipwa, ni kama aliyemlipa ndiye anayeuza dawa aliyokuandikia. Daktari aliyepokea dola 40,000 kutoka kampuni ya kifaa cha kuchunguzia koo, kisha akakuandikia dawa ya kuvuta ya kampuni nyingine, tena jeneriki, yaani nakala ya bei nafuu, hana mgongano unaokugusa wewe. Aliyepokea dola 900 tu, zote kutoka kampuni moja na zote kwa dawa moja, na dawa hiyo ndiyo iliyo kwenye boksi lako, huyo ana swali la kujibu. Daftari hulisaidia zoezi hili, maana mistari mingi hutaja dawa iliyohusika na malipo.

Tuchukue ugonjwa wa mapafu kuota makovu bila sababu kujulikana. Dawa mbili kati ya zile za kuupunguza kasi, Ofev ya Boehringer Ingelheim na Esbriet iliyouzwa kwa miaka mingi na Genentech, ziliidhinishwa Marekani siku moja, Oktoba 15, 2014. Hakuna hata moja inayoponya. Zote hupunguza mwendo wa makovu. Tangu 2022 Esbriet ina jeneriki inayoitwa pirfenidone, yenye bei ya chini zaidi. Ofev hutajwa kwa bei inayozidi dola 10,000 kwa mwezi kabla ya bima. Baba ameandikiwa Ofev, na daftari linaonyesha daktari alilipwa na Boehringer kuizungumzia. Je, kapatikana? Hapana, bado. Pirfenidone huleta kichefuchefu na huifanya ngozi iungue haraka juani, na kama baba anafanya kazi nje Arizona hiyo ni sababu tosha ya kuiepuka. Ofev nayo huharisha, na huongeza hatari ya damu kutoka kwa mtu anayetumia dawa za kuyeyusha damu. Tena Ofev imeidhinishwa kwa makovu ya mapafu yanayotokana na magonjwa mengine, ambako pirfenidone haina idhini. Daktari mwaminifu atakutajia mojawapo ya sababu hizi kabla hujamaliza kuuliza. Ukijibiwa tu kwamba hii ndiyo mpya, au ndiyo wanayotumia wote, hapo andika kwenye daftari lako.

Kwa pumu na ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, swali ni rahisi zaidi kwa sababu mbadala ni nyingi. Advair ina jeneriki iitwayo Wixela tangu 2019. Dawa za kuvuta zenye viambato vitatu kwa pamoja, kama Trelegy na Breztri, ni za jina na ni ghali, na wapo wagonjwa wanaozihitaji kweli, hasa wale wanaolazwa mara kwa mara ingawa wanatumia zenye viambato viwili. Mtu anayepata shida mara moja moja akipanda ngazi hapaswi kuanzia huko bila maelezo. Vilevile kwa sindano za pumu kali kama Xolair, Nucala, Fasenra na Dupixent: kabla ya yoyote kati ya hizo, uliza walipima nini kwenye damu yako na namba ilikuwa ngapi, na uliza kama kuna mtu aliyekutazama unavyoivuta dawa yako ya kawaida. Baadhi ya pumu zinazoitwa kali ni za mtu ambaye hakufundishwa kuvuta.

Kwa walioandikiwa dawa ya jina na hawana namna, mwaka 2024 AstraZeneca, Boehringer Ingelheim na GSK zilitangaza kikomo cha dola 35 kwa mwezi kwenye dawa zao za kuvuta kwa wagonjwa wengi wenye bima binafsi au wasio na bima. Uliza duka la dawa. Wengi wanalipa zaidi kwa kutojua tu.

Sasa utamwulizaje daktari? Sisi tumelelewa kwamba daktari haulizwi. Ukimuuliza umemvunjia heshima, na ukimvunjia heshima huenda akakutibu kwa kinyongo. Huko Marekani mambo hayaendi hivyo: daktari huulizwa kila siku, na asiyeuliza hudhaniwa ameelewa. Anza na dawa, usianze na fedha. "Daktari, kuna dawa nyingine ya bei nafuu inayofanya kazi hiyohiyo? Kwa nini hii inanifaa mimi zaidi?" Wengi watakujibu vizuri na mazungumzo yatakuwa yamekwisha. Ikiwa jibu halikukutosheleza, endelea kwa upole: "Niliona kwenye daftari la serikali kwamba umewahi kufanya kazi na kampuni inayotengeneza dawa hii. Ningependa kusikia kutoka kwako." Mtazame anavyopokea. Daktari anayeeleza kazi aliyofanya na kuishia hapo hana shida. Anayekasirika kwa swali lililoulizwa kwa adabu amekusaidia kuamua.

Maneno haya yaseme kwa Kiswahili kama Kiingereza chako hakijatosha. Hospitali na kliniki zinazopokea fedha za serikali kuu zinawajibika kisheria kukupa mkalimani bila malipo, ana kwa ana au kwa simu; omba wakati wa kupanga miadi, na utaje kama ni Kiswahili cha Kongo au cha pwani kama tofauti hiyo inakusumbua. Usimtumie mtoto wa miaka 12 kuwa mkalimani wa habari za mapafu ya bibi yake. Anaficha maneno mabaya kwa mapenzi, na sheria yenyewe inazuia watoto kutumiwa hivyo isipokuwa kwa dharura.

Una haki pia ya kupata nakala ya rekodi zako, pamoja na picha za CT, na kuzipeleka kwa daktari wa pili. Maoni ya pili si ugomvi. Ila kuna jambo moja nalikataza bila kuzungusha: usiache dawa kwa sababu ya ulichokisoma kwenye daftari. Mtu wa pumu akiacha dawa yake ya kuvuta ya kila siku kwa hasira ya fedha za daktari, atakayebanwa kifua usiku ni yeye, na huko kubanwa huua. Endelea na dawa, uliza maswali, badilisha daktari ikibidi, kwa mpangilio huo.

Daftari lina mapengo. Sampuli za bure ambazo mwakilishi huziacha kliniki ili wapewe wagonjwa hazimo, na sampuli ndizo mara nyingi zinazomwanzisha mtu kwenye dawa ya jina. Madaktari walio kwenye ile miaka 3 ya kwanza ya mafunzo ya hospitali hawamo, kwa hiyo daktari kijana anaweza kuonekana msafi kwa miaka hiyo kwa sababu tu hakuwa akihesabiwa. Malipo madogo sana mara nyingi hayaandikwi. Kiwango kilianza na dola 10 na hupandishwa kidogo kila mwaka. Na majina hufanana: kina Patel, Smith na Nguyen ni wengi, hivyo linganisha mji, anwani ya kliniki na ubingwa kabla ya kumhukumu mtu kwa fedha za mwenzake. Wenyewe madaktari hupewa siku 45 kupinga kilichoandikwa, na malipo yanayobishaniwa huwekewa alama.

Kwa wasomaji wa Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam na Bukavu: sheria hii haiwahusu madaktari wa kwenu, wala jina la daktari wako wa pumu hulikuti humo hata kama analipwa na kampuni zilezile. Mnachoweza kuthibitisha ni usajili. Kenya, baraza la madaktari, KMPDC, lina rejista mtandaoni. Tanzania Bara anayesajili ni Baraza la Madaktari Tanganyika. Swali la dawa ya bei nafuu, lakini, linaulizika popote, na nyumbani lina uzito zaidi kwa kuwa wengi hununua dawa kwa fedha ya mfukoni.

Taarifa za mwaka uliopita hutolewa kila mwaka kabla ya Juni 30 kupita, kwa hiyo unachokiona leo ni cha nyuma kidogo. Kama mzazi wako yuko huko na anatibiwa kifua, mpigie, mwombe akusomee majina yaliyoandikwa kwenye kila chupa na kila boksi la dawa ya kuvuta, herufi kwa herufi, pamoja na jina la kampuni lililo chini kwa maandishi madogo. Ukiwa na orodha hiyo ndipo ufungue daftari.